Cerro Gordo: mji wa fedha ulioilisha Los Angeles

Mapema mwaka 1873, ufukoni mwa ziwa Owens, mashariki mwa California, kulikuwa na wafanyakazi waliolala katika vibanda vyenye kuta za madini. Walichukua mikuo, yaani vipande vya metali iliyomiminwa ikaganda, ya risasi (ile metali nzito laini) iliyochanganyika na fedha (silva), wakaipanga mmoja juu ya mwingine kama fundi apangavyo matofali, wakatandaza turubai juu yake, wakaingia ndani kujikinga na upepo. Hakuna aliyewakataza. Mikuo ilikuwa maelfu kwa maelfu, kila mmoja ukiwa na uzito wa kilo 38 hivi, na wanyama wa kuibeba hadi bandarini hawakutosha.

Mali hiyo ilitoka Cerro Gordo, mji wa machimbo uliokaa juu kabisa ya milima ya Inyo, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Leo ni mahame: nyumba chache za mbao na mabati, maduara (mashimo ya kuingilia mgodini) yaliyozibwa, na milima ya kifusi. Habari za miji ya aina hii husimuliwa kwa ufupi sana. Madini yaligunduliwa, watu wakafurika, madini yakaisha, watu wakahama. Kwa Cerro Gordo maelezo hayo yanaruka jambo kubwa kuliko yote. Ukifuatilia kila mzigo ulivyosafiri, na nani alilipwa nini njiani, unakuta kwamba nguvu ya mji ule ilikuwa kwenye barabara, nyumbu, mkaa na maji. Mwamba wenyewe ulikuwa sehemu moja tu ya hesabu. Kwa hiyo nitakichambua kisa hiki kwa kufuata mzigo, kutoka dukani hadi mjini Los Angeles.

Duka lilitangulia

Bonde la Owens, lililo chini ya mlima huo, lilikuwa nchi ya Wapaiute, wenyeji wa asili waliokuwa wakichepusha vijito kwa mifereji kumwagilia mimea yao kabla mzungu yeyote hajalima pale. Wafugaji walipoingiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1860, mimea hiyo ikaliwa na vita ikazuka. Jeshi la Marekani lilijenga kambi ya Independence mwaka 1862, na Julai 1863 liliwaswaga Wapaiute wapatao 900, wazee na watoto wakiwamo, kwa miguu mamia ya kilomita hadi ngome ya jeshi ya Fort Tejon. Naliweka hili mbele kwa makusudi. Vitabu vingi vya machimbo huanza na mtafutaji madini aliyeokota jiwe, ilhali jiwe hilo lingebaki lilipo kama bonde lisingekwisha kunyang'anywa wenyewe.

Mwaka 1865 Pablo Flores na wenzake kutoka Mexico walianza kuchimba fedha kileleni. Waliuita mlima Cerro Gordo, yaani mlima mnene. Waliyeyusha mawe yao katika vijitanuri vidogo vya mawe na udongo, kwa ujuzi ambao Wamexico walikuwa nao kwa karne nyingi. Walipata kidogo kidogo, lakini walipata, na habari zikashuka bondeni.

Mtu wa kwanza kuzielewa vizuri habari hizo alikuwa mwenye duka. Victor Beaudry, Mkanada mwenye asili ya Kifaransa, alikuwa akiwauzia bidhaa askari wa kambi ya Independence. Mwaka 1866 akafungua duka lingine mlimani. Mchimbaji alifika dukani akiwa na njaa, akachukua unga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, baruti na mishumaa, akaandikiwa deni. Deni lilipozidi uwezo wake, alilipa kwa hisa ya duara lake. Wachimbaji wadogo wa kwetu wanamjua mtu wa namna hii, ingawa wao humwita sponsa na mapatano yao hufanyika mapema zaidi. Kwa njia hiyo Beaudry alijikuta na sehemu ya Union, mgodi mkubwa kuliko yote pale, bila kushika sururu.

Aliyeona risasi

Aprili 1868 alifika mhandisi Mortimer Belshaw. Wengine walikuja na macho ya kutafuta fedha, yeye akaja akitafuta risasi. Hapa inabidi tusimame kidogo, maana ndipo kisa chote kilipo.

Mawe ya fedha ya Cerro Gordo hayakuwa ya aina moja. Migodi kama San Felipe ilikuwa na fedha ndani ya mwamba mgumu mweupe. Union ulikuwa na galena, jiwe zito la kung'aa lenye risasi nyingi na fedha kiasi. Ukitia mawe hayo tanurini pamoja na mkaa, risasi huyeyuka na kushuka chini, na ikishuka huikusanya fedha iliyotawanyika kwenye mawe mengine. Takataka nyeusi huelea juu, zikachotwa na kumwagwa. Kinachobaki chini humiminwa kwenye kalibu na kuwa mkuo. Bila risasi, mwenye mwamba mweupe ana fedha asiyoweza kuitoa. Kwa hiyo aliyeshika galena ya Union alishika migodi ya majirani wote, maana kila mmoja angelazimika kununua risasi kwake.

Belshaw alilitambua hilo haraka. Alipata hisa ndani ya Union, akapeleka mzigo wa kwanza Los Angeles mwaka uleule, akatafuta wenye mtaji San Francisco, akarudi kujenga tanuri kubwa. Beaudry naye alikuwa na matanuri yake. Wawili hao, mfanyabiashara na mhandisi, wakawa wakubwa wa mlima.

Belshaw hakuishia tanurini. Alichonga barabara ya kupanda kutoka bondeni, ikaitwa Barabara ya Manjano kwa rangi ya mwamba iliyokatiza, na akaifanya ya kulipia. Inapanda karibu mita 1,500 katika umbali wa kilomita 13 hivi. Kupanda, wanyama walitoka povu. Kushuka na mzigo, madereva walifunga magurudumu ya nyuma kwa minyororo yasizunguke, mikokoteni ikateremka kwa kuburuta. Palikuwa na sehemu moja nyembamba ambapo hakuna gari ambalo lingeweza kupita pengine, na hapo ndipo ushuru ulipokusanywa. Unga uliopanda ulilipiwa. Mawe yaliyoshuka yalilipiwa. Kampuni ya Owens Lake, iliyojenga tanuri lake mwaka 1869 chini kando ya ziwa mahali palipoitwa Swansea, ililazimika kupitisha kila jiwe lake kwenye barabara ya mpinzani wake. Walilalamika kwamba ushuru ni mkubwa na barabara haitunzwi, na sioni sababu ya kuwatilia shaka. Mwenye njia hakuwa na haja ya kuharakisha mzigo wa mshindani.

Mwaka 1873 wenye San Felipe walikwenda mahakamani wakidai kwamba Union unachimba ndani ya mkanda wao, yaani mstari wao wa mwamba wenye madini. Walishinda. Shauri lilikokota hadi 1876, pande zote zikaungana katika kampuni moja, Union Consolidated. Miaka mitatu hiyo ya mawakili iliangukia kipindi kibaya kuliko vyote, kama tutakavyoona.

Nyumbu wa Nadeau

Kutoka Cerro Gordo hadi Los Angeles ni zaidi ya kilomita 350, na nyingi ni za jangwa. Mikuo ilitakiwa ifike huko, ipande meli bandarini San Pedro, iende San Francisco kutenganishwa fedha na risasi. Mtu aliyeibeba safari hii ya nchi kavu alikuwa Remi Nadeau, naye Mkanada wa Kifaransa, mwenye magari ya kukokotwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi. Alichukua mkataba wa miaka mitatu mwishoni mwa 1868. Kundi moja la nyumbu 14 au zaidi lilivuta magari matatu yaliyofungwa pamoja, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua wiki tatu hata zaidi.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1871, wenye matanuri walidhani watapata bei nzuri kwingine. Waliwapa kazi wasafirishaji wadogo. Haikwenda. Wanyama walikuwa wachache, na vituo vya kuwalisha na kuwanywesha njiani havikupangwa.

Katika kipindi hichohicho, mwaka 1872, stima ilianza kazi ziwani. Iliitwa Bessie Brady, urefu wake mita 26 hivi, na ilivusha mikuo kutoka upande wa Swansea hadi upande wa pili kwa saa tatu badala ya magari kuhangaika siku kadhaa kwenye mchanga wa pembeni. Kila aliyeiona aliamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini stima ilifupisha sehemu ya njia ambayo tayari ilikuwa fupi. Mzigo ulifika ng'ambo upesi, ukakuta nyumbu walewale wachache, ukalala. Ndiyo sababu ya vibanda vile vyenye kuta za madini. Matanuri yakalazimika kupunguza kazi huku mali iliyokwisha yeyushwa ikikaa ufukoni bila kuleta senti.

Mwaka 1873 Belshaw na Beaudry walirudi kwa Nadeau. Safari hii hakukubali kuwa kibarua. Alitaka washirikiane na watoe mtaji, ndipo ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Cerro Gordo. Walijenga vituo njia nzima, kila kimoja umbali wa mwendo wa siku kutoka kingine, chenye maji, nyasi na shayiri. Dereva alijua atalala wapi na nyumbu atakula nini. Makundi yaliongezeka hadi kufikia 80 hivi, lundo la ufukoni likaisha.

Tazama sasa faida ilikoangukia. Nyumbu zaidi ya elfu moja wanakula shayiri kila siku, na shayiri hiyo ililimwa na wakulima wa Los Angeles na mabonde ya jirani. Magari yaliyoshusha mikuo hayakurudi matupu: yalipakia unga, mvinyo, matunda, nguo, mashine. Wahunzi, watengeneza matandiko, wenye mazizi, wenye maduka ya jumla, wote walikuwa mjini. Los Angeles wa wakati ule ulikuwa mji mdogo wa vumbi. Sensa ya 1870 iliwakuta watu 5,728 tu. Februari 1872 gazeti moja la pale liliandika waziwazi kwamba hali nzuri ya mji imetokana hasa na biashara ya bonde la Owens, likaiita kamba ya fedha inayoushikilia uhai wa mji, na kwamba ikikatika mji utaanguka.

Nadhani gazeti lile lilisema kweli kwa mwaka ule. Waandishi wa historia ya Los Angeles hupenda kuanza na treni, machungwa, mafuta na sinema. Kabla ya hayo yote kulikuwa na nyumbu wakishuka na risasi.

Mlima usio na mti wala maji

Kwenye kilele chenyewe, Cerro Gordo haukuwa na chemchemi ya kutosha. Maji yalibebwa na punda kutoka vyanzo vya mbali na kuuzwa kwa kipimo. Hoteli, matanuri, mabaa, wanyama na zaidi ya watu elfu moja walisubiri mzigo wa punda. Mwaka 1874 ndipo kampuni ya maji ilipolaza bomba la kilomita 18 hivi kutoka chemchemi za milimani. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama kubwa, ikafanywa miaka mitano tu kabla mji haujafa.

Mkaa ulikuwa balaa zaidi. Tanuri la kuyeyushia hula mkaa mchana na usiku. Milima ya Inyo ilikuwa na misonobari mifupi inayokua polepole sana, na wakataji waliimaliza ya karibu, kisha ya mbali kidogo, kisha wakaanza kuileta kwa punda kutoka mbali kabisa. Bei ya mkaa ilipanda kwa kila mti uliokatwa, kwa sababu mti uliofuata ulikuwa mbali zaidi.

Sherman Stevens aliona nafasi hapo. Upande wa pili wa ziwa, kwenye miteremko ya Sierra Nevada, kulikuwa na misitu mikubwa. Mwaka 1873 alijenga kiwanda cha mbao katika korongo la Cottonwood na mfereji wa mbao wa kuteremsha magogo kwa maji hadi bondeni. Baadaye yakajengwa matanuri ya mkaa kando ya ziwa, na mwaka 1877 stima ya pili, Mollie Stevens, ikaanza kuvusha mkaa na mbao. Matanuri mawili ya udongo yangali pale, yamemomonyoka, yamezungushiwa uzio. Ukisimama hapo leo ukatazama mashariki, Cerro Gordo uko ng'ambo ya bonde juu ya ukingo wa milima, na hapo ndipo mtu anapoelewa umbali ambao gunia moja la mkaa lililazimika kusafiri: kuteremka mlima mmoja, kuvuka ziwa, kupanda mlima mwingine, na kulipa ushuru njiani.

Kuporomoka

Sasa weka hesabu pamoja. Kila mkuo ulibeba gharama ya mchimbaji, matimba (magogo ya kushikilia kuta) ya duara, mkaa, maji, ushuru wa barabara, stima, nyumbu kwa kilomita 350, meli hadi San Francisco, na kusafishwa. Mgodi wenye mawe tajiri sana ungeweza kubeba yote hayo. Usingeweza tena pale mawe yalipopungua utajiri, au bei iliposhuka. Cerro Gordo ulipatwa na yote mawili.

Ujerumani iliacha sarafu za fedha na kuhamia dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 1870. Sheria ya sarafu ya Marekani ya mwaka 1873 nayo iliiondoa dola ya fedha kama kipimo cha thamani. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Wakia moja ya fedha iliyokuwa ikiuzwa karibu dola 1.30 mwaka 1873 iliuzwa dola 1.12 hivi mwaka 1879. Anguko hilohilo liliugusa pwani yetu, kwa kuwa rupia ya Kihindi na dola ya Maria Theresa zilizozunguka Unguja na Mombasa zilikuwa sarafu za fedha, na thamani yake mbele ya paundi ya Kiingereza iliendelea kushuka hadi mwisho wa karne. Bei ya risasi nayo ilianguka katika miaka hiyo. Kwa mgodi ambao sehemu kubwa ya mzigo wake ni risasi, hilo lilikuwa pigo la pili juu ya la kwanza.

Mkanda wa Union ulianza kukonda mwaka 1876 na 1877. Tanuri la Belshaw likazimwa. Agosti 1877 moto uliteketeza majengo ya mdomo wa duara la Union na sehemu ya mji. Masimulizi ya watalii hupenda moto huu, kwa sababu moto unaonekana na bei haionekani. Kwa maoni yangu majengo hayo yangejengwa upya kama mwaka ungekuwa 1871. Mwaka 1877 hakukuwa na mtu aliyeona faida ya kujenga. Belshaw aliondoka. Beaudry aliendelea na tanuri lake hadi mwishoni mwa 1879, likazimwa nalo, na magari ya Nadeau yakashusha mzigo wa mwisho.

Na Los Angeles? Haukuanguka. Kamba ile ilikatika, mji ukabaki umesimama, kwa sababu mwaka 1876 kampuni ya Southern Pacific ilikuwa imemaliza reli ya kuuunganisha na San Francisco. Reli hiyo ilipita Mojave, na tangu ilipofika huko nyumbu waliishia Mojave. Mizigo ya Cerro Gordo haikuhitaji tena kugusa maduka ya Los Angeles. Sensa ya 1880 ilihesabu watu 11,183, karibu maradufu ya wale wa miaka kumi nyuma. Nadeau mwenyewe alihamishia mali yake mjini, na katika miaka ya 1880 akajenga pale hoteli ya ghorofa nne iliyobeba jina lake. Victor Beaudry aliwekeza na kaka yake Prudent katika viwanja vya vilima vya Los Angeles. Prudent alikuwa meya wa mji huo kuanzia 1874 hadi 1876, yaani wakati ule ule mikuo ya mdogo wake ilipokuwa ikipita mitaani.

Mlimani hawakujenga chochote cha kulingana na hivyo. Hoteli ya American, iliyojengwa 1871, ndiyo ilikuwa fahari ya mji, na ilikuwa ya mbao.

Treni iliyofika mji ukiwa umelala

Mtu anaweza kuuliza: kama usafiri ndio uliokuwa mzigo, kwa nini hawakujenga reli? Walijaribu. Seneta John P. Jones wa Nevada alianzisha reli iliyoitwa Los Angeles na Independence, akikusudia ifike katika migodi ya Inyo. Mwaka 1875 ilifunguliwa kati ya Los Angeles na Santa Monica, ufukoni, na haikuendelea. Mwaka 1877 iliuzwa kwa Southern Pacific.

Reli ya kweli ilitoka upande mwingine kabisa. Kampuni ya Carson na Colorado ilijenga njia nyembamba kutoka Nevada ikishuka kusini, na mwaka 1883 ilifika Keeler, kijiji kilicho chini kabisa ya Barabara ya Manjano. Miaka minne ilikuwa imepita tangu tanuri la mwisho lizimwe. Inasimuliwa kwamba Darius Mills, mmoja wa wenye mtaji, aliikagua reli hiyo ya maili 300 akasema wameijenga ama maili 300 zaidi ya ilivyohitajika, ama miaka 300 kabla ya wakati wake. Kwa Cerro Gordo ilikuwa kinyume, ilichelewa miaka kumi.

Utajiri uliokuwa kwenye magwangala

Kuna ushahidi mmoja unaonifanya nisikubali kwamba mlima ulikuwa umekwisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walirudi na kuanza kupima mawe ambayo kina Belshaw waliyatupa kama magwangala, yaani mabaki yasiyo na thamani, au kuyaacha ukutani. Mengi yalikuwa na zinki. Katika miaka ya 1870 zinki ilikuwa adui wa tanuri, haikuwa na mnunuzi wa karibu, na mawe yake, yenye rangi ya kijivu au kijani hafifu, hayana mng'ao wa galena. Wachimbaji walipita pembeni yake kila siku.

Louis D. Gordon alianza kuichimba mwaka 1911. Safari hii mzigo haukuteremshwa na nyumbu. Ulifungwa waya mrefu wa chuma kutoka kileleni hadi Keeler, karibu kilomita 9, wenye ndoo zinazoning'inia. Ndoo zilizojaa zilishuka kwa uzito wake na kuzivuta tupu zipande, na chini kulikuwa na treni inangoja. Umeme ulifika mlimani mwaka 1916. Kwa miaka kadhaa Cerro Gordo ulikuwa miongoni mwa wazalishaji muhimu wa mawe ya zinki ya kiwango cha juu Marekani.

Sitaki kuuvuta ushahidi huu kupita kiasi. Soko la zinki lilikuwa kubwa zaidi mwaka 1911 kuliko 1871, na hilo peke yake lingebadilisha mengi. Lakini gharama ya kushusha tani moja ya mawe ilikuwa imeporomoka, na mwamba ambao wazee wa kwanza waliuita takataka ukalipa. Zinki nayo ikapungua, na kufikia miaka ya 1930 kazi ilikuwa ya watu wachache wanaofufua maduara ya zamani. Thamani ya madini yote yaliyotoka mlima ule hukadiriwa kuwa dola milioni 17 hivi.

Ziwa

Kisa kingeweza kuishia hapo kama mji ungekuwa na uhusiano wa fedha tu na Los Angeles. Haukuwa hivyo.

Prudent Beaudry, kaka wa Victor, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya maji ya jiji la Los Angeles mwaka 1868. Mwaka 1878, wakati tanuri la mdogo wake lilikuwa bado linawaka mlimani, kampuni hiyo ilimwajiri kijana kutoka Ireland kusafisha mitaro. Jina lake William Mulholland. Kijana huyo alikua mhandisi mkuu wa maji wa jiji, na Novemba 5, 1913 alifungua mfereji wa kilomita 375 uliochukua maji ya mto Owens na kuyapeleka Los Angeles. Mto Owens ndio uliolijaza ziwa. Kufikia 1926 ziwa ambalo Bessie Brady ilikuwa ikilivuka na tani 70 za mzigo lilikuwa limekauka.

Kilichobaki ni uwanja wa chumvi na vumbi laini. Upepo wa Sierra ukivuma, vumbi hilo, lenye arseniki na chembe nyingine zenye madhara, lilinyanyuka na kuifunika Keeler na bonde zima. Kwa miaka mingi kitanda cha ziwa Owens kilihesabiwa kuwa chanzo kikubwa kuliko vyote cha vumbi la aina hiyo nchini Marekani. Wakazi wa bonde, Wapaiute wakiwamo, walipigana kisheria na idara ya maji ya Los Angeles hadi ikalazimika kutibu kitanda hicho kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000: kwa kurudisha maji kwa kina kifupi, kwa kokoto, na kwa kupanda nyasi zinazovumilia chumvi. Gharama imepita dola bilioni 2. Hata ukikumbuka kwamba dola ya 1875 ilikuwa na nguvu nyingi kuliko ya leo, kulishika vumbi la ziwa kumegharimu zaidi ya thamani ya fedha, risasi na zinki zote ambazo Cerro Gordo uliwahi kuzitoa.

Keeler bado wanaishi watu, wasiofika mia. Stesheni ya treni ingali imesimama bila reli. Juu mlimani, wamiliki wapya waliununua mji wote mwaka 2018 kwa dola milioni 1.4, na Juni 15, 2020 hoteli ya American iliungua. Ilikuwa imedumu miaka 149. Walioishuhudia ikiungua walikuwa na tatizo lilelile la miaka ya mwanzo ya mji, maji ya kuuzima moto hayakuwapo karibu. Baadaye ilianza kujengwa upya, na saruji, mbao na maji ya kazi hiyo vilipanda kwa magari kupitia Barabara ya Manjano, njia ileile aliyoichonga Belshaw, ingawa sasa hakuna anayelipishwa ushuru.